Jina la Doto Halikufutwa

Atakayesema nimeota, aniambie ni ndoto gani inayomnyang'anya binti wa mtu kazi. Mimi nilikuwa macho, nimekaa kitini, simu iko sikioni. Soma kwanza, ubishe baadaye.

Mimi ni mtu wa Didia, nimekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe. Kusoma kwangu ni kule kwa kisomo cha watu wazima, herufi moja moja kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Uzeeni nikawa mlinzi huku Geita, kwenye yadi ya kusaga mawe ya dhahabu. Binti yangu Milembe alikuwa karani pale pale, na watoto wake walikula kwa kazi ile. Alikalia kiti cha Doto, karani tuliyemzika. Udongo nilitupa mimi mwenyewe. Aliumwa nini Doto? Hakuumwa. Alilala mzima, asubuhi akakutwa maiti. Watu wakanong'ona habari za ndagu, ile dawa ya utajiri inayodai mtu. Nikasema ni maneno ya wavivu.

Tajiri wetu alikaa Mwanza. Kompyuta ya yadi alikuwa akiiendesha kutoka huko huko. Unaona kishale kinatembea kwenye kioo na mkono hakuna. Nilipokiona mara ya kwanza nilicheka: "Milembe, hii na msukule vina tofauti gani? Mwili uko hapa, anayeutumikisha yuko kwingine."

"Baba, usiseme hivyo mbele ya watu. Watatucheka."

Bora wangecheka.

Sasa kila jua likizama, tajiri anakatwa mtandao. Akasema ni Milembe anachomoa waya ili afiche uzito wa mawe. Ikikata tena, aondoke. Fundi wa mtandao, kijana wa Tanga aliyekuwa huko Mwanza, akatoa shauri: Milembe aende mbali, mzee akae na kompyuta, tuone nani mbaya. Milembe akaenda Nkome kwa shangazi yake, dada yangu mimi.

Jioni fundi akanipigia kwa simu ya ofisi.

"Shikamoo mzee. Waya umekaza?"

"Marahaba. Umekaza."

"Kile kiboksi cha mtandao, taa zake zikoje?"

"Zinakonyeza kama bodaboda anayetaka abiria."

"Safi. Usiguse kitu."

"Nitagusa nini, mwanangu? Hata redio huwa nawashiwa."

Kishale kikaanza kutembea. "Huyo ni mimi," akasema. Tukakaa hivyo mpaka jua likajificha nyuma ya vifusi. Mara akapaza sauti: "Mzee! Nimetupwa nje! Inasema kuna mtu mwingine ameingia. Umegusa?"

Sikugusa. Lakini kishale, nisikilize vizuri, kilikuwa bado kinatembea. Kikafungua ukurasa mweupe, herufi zikaanza kujipanga. Nikazifuata kwa kidole: MWADILA.

Sisi Wasukuma hiyo ndiyo salamu yetu ya jioni, na salamu haiachwi chini. Kijana wa Tanga angeijulia wapi? Hilo ndilo ningejiuliza kwanza. Mdomo ukaniwahi: "Mwadila." Adabu ikaniponza.

Nikainua uso. Dirishani, nje ya nondo, amesimama Doto. Doto yule yule, niamini. Macho hayapepesi. Vidole vyake vilikuwa vinacheza hewani, na kila kidole kikishuka, herufi inatokea kwenye kioo. MHOLA? Ananijulia hali!

Nikanong'ona kwenye simu: "Kijana, aliyeingia ni nani?"

"Jina linasema Doto. Ndiye nani? Hata jina la Milembe limo. Mzee, si alikwenda mbali?"

Nikachomoa kasimu kangu ka tochi, nikampigia dada yangu Nkome.

"Milembe kalala tangu jua linazama," akasema. "Namwita haitiki. Na vidole vyake, kaka, vinacheza juu ya mkeka."

Nikamgeukia fundi: "Futa! Futa majina yote mawili!"

"Nikimfuta Milembe, tajiri atasema tumeficha ushahidi. Kazi hana tena."

"Nimekwambia futa!"

Akafuta. Dirishani pakabaki nondo tupu. Kule Nkome Milembe akaamka, akaomba maji.

Kazi ilikwenda kweli. Sasa anaanika dagaa, na jua likizama huikalia mikono yake. Tajiri naye, unadhani aliuliza nani alikuwa ndani? Aliuliza jambo moja tu: "Nani kawaambia mfute?" Litafune hilo neno pamoja na ile habari ya ndagu.

Nami niliacha lindo lile. Ukinisalimu njiani jioni siitikii mpaka nikuone uso, na wanaosema nina kiburi waseme. Wewe ukipewa kiti cha marehemu, usikimbilie kuuliza mshahara. Uliza kama jina lake limefutwa. Wakicheka, usikae.