Heater ya Mama Hajja ilikataa kuwaka, lawama zikaniangukia mimi

Wakuu, salamu kutoka Riyadh. Leo sina umbea wa mtu, nina yangu. Yote haya yamenipata mimi mwenyewe, anayetaka kubisha abishe akishamaliza kusoma.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Kitale, nafanya kazi ya ndani. Nilianzia Jeddah kwa mama mmoja mzee, mjane. Humuita Mama Hajja. Binti yake, ndiye madam wangu sasa, akaona mamake asikae peke yake. Tukahamishwa wawili, tukaletwa kwake Al-Malqa, hapa Riyadh.

Wale wa Jeddah mnajua, huko heater ya maji ni pambo tu. Lakini Riyadh, wueh! Baridi ya December hapa inaingia hadi kwa meno.

Basi baridi ikafika, na heater ikaanza vituko. Bafu langu na la Mama Hajja yanatumia heater moja. Alfajiri mzee anaenda kutawadha, maji ni barafu. Na kifua chake ni kibovu. Nabonyeza swichi, taa nyekundu haiwaki. Mafi kitu, hakuna.

Fundi akaitwa. Akafungua boksi la breaker, zile swichi kubwa za stima, kwenye korido ya jikoni, akapandisha breaker moja, taa ikawaka. Akaenda zake. Siku chache, tena imezima. Mimi nilikuwa nimekatazwa kugusa hilo boksi, kwa hivyo fundi akarudi. Safari hii akamwambia madam heater ni nzima, kuna mtu anashusha breaker kwa mkono.

Sasa jikoni nani hushinda huko? Mimi.

Na ni mimi nilikuwa nimeomba nirudishwe Jeddah. Huko nilikuwa na wenzangu, Ijumaa tunapatana Sharafiya tunakula chapati na kupiga story. Madam akajumlisha, akapata jibu lake. Akaniambia ikizima tena, narudishwa ofisini kwa ajenti, halafu nyumbani Kenya.

Iliniuma, siwezi kudanganya. Huyu mzee namkata kucha. Namchana nywele. Ati mimi nimtese na maji baridi? Niliomba Mungu aniondolee hiyo aibu, kwa sababu mimi sikuwa na ushahidi wowote.

Mchana mmoja nimeingia kuoga, nakumbuka taulo imebaki kwa kamba. Natoka na dera langu, namkuta Mama Hajja kwa korido. Mkono mmoja ameegemea ukuta, mwingine ameinua fimbo yake ya kutembelea, anasukuma breaker chini.

Nikasimama pale kama mwizi, na mwizi si mimi.

Nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, Mama, kwa nini?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Si wewe unaoga?"

Akanieleza polepole. Zamani, wakiishi Bani Malik kule Jeddah, alikuwa na msichana wa kazi. Msichana akaingia kuoga heater ikiwa imewaka, stima ikapita kwa maji. Hakutoka mzima. Tangu hapo Mama Hajja akisikia mlango wa bafu umefungwa, lazima azime. Shida ni kwamba akishazima, anasahau kuwasha. Uzee nao.

"Alikuwa mdogo kama wewe," akasema.

 Nikamwambia tu kwamba madam anasema ni mimi. Akakunja uso, akanishika mkono, tukaenda hadi sebuleni. Akamwambia bintiye yote.

 Madam hakuniomba msamaha, but jioni alinipikia chai yeye mwenyewe. Mnaofanya kazi huku mnajua hiyo ni lugha gani. Fundi naye akaja kufunga kile kifaa cha kukata stima ikivuja. Mama Hajja hakiamini hata kidogo.

Kwa hivyo siku hizi kabla nioge namwambia. Anazima, anavuta kiti, anakaa chini ya boksi. Nikitoka nawasha mimi, sasa nimeruhusiwa. Naoga haraka sana, kwa sababu najua hatatoka kwa hicho kiti mpaka anione.

Mambo ya kurudi Jeddah sijayataja tena.

Nilichojifunza ni kwamba ukiingia nyumba ya watu, unakuta na hofu zao humo ndani, na hakuna atakayekuambia usipouliza.

Haya, uwanja ni wenu. Kuna mtu amewahi kukutia matatani, kumbe alikuwa anakulinda?