Mti wa Miiba Aliouacha Festus

Festus Geraghty tulimcheka miaka kumi na mmoja, na mimi Concepta nilikuwa wa kwanza. Mdomo wangu mnaujua. Dereva wa katapila, mwanamume mzima, anaogopa vibwengo! Tajiri wake alikuwa akichimba mawe kilima cha Knockaveen bila kibali cha halmashauri, na Festus alikitafuna kilima chote isipokuwa mti mmoja wa miiba, ule ambao kwetu husemwa ni makao ya vibwengo. Aliuzunguka tu, ukabaki peke yake juu ya nguzo ya mwamba katikati ya shimo.

"Ukiung'oa tutamzika nani, wewe au katapila?" nilimtania dukani.

"Cheka tu, Concepta. Kicheko hakina kodi."

Aliyemshtaki tajiri ni Dympna Lavelle, mjane wa miaka themanini na nne. Watu walidhani amechoshwa na vumbi. Mimi aliniambia ukweli jikoni kwake, akinimiminia chai. Chini ya mti ule amelala mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa amekufa. Enzi zile padri hakukubali mtoto asiyebatizwa azikwe makaburini, basi Malachy, mumewe, akambeba hadi pale. Kila mwaka Dympna alikuwa akipanda kumsalimia, mpaka shimo likaimeza njia.

"Nataka nifike kwa miguu yangu," aliniambia, "kabla sijabebwa."

Jaji akaamuru kilima kirudishwe kilivyokuwa. Tajiri akanuna, akamtuma Festus yuleyule akafukie. Wahandisi nao wakabishana: kilima kilikuwa na kimo gani? Hakuna aliyekipima mwanzo. Festus akaunyooshea mti kidole.

"Pale. Jazeni mpaka pale."

Akaanzia upande wa geti la Dympna. Miezi kumi na minne alimwaga udongo, mvua inyeshe isinyeshe, na Dympna dirishani akikohoa, kila wiki amepungua. Jamani, niliogopa! Nilimwomba Mungu amwongezee siku.

Mwezi wa Mei, kazi imekwisha na mti umechanua mweupe, tukampandisha, mimi mkono huu, Festus mkono ule. Tulipumzika mara sita. Kufika juu akaanza kupapasa kwa fimbo.

"Liko wapi jiwe lake? Macho yangu haya... Concepta, silioni!"

Hata mimi sikuliona. Festus akapiga magoti upande wa mashariki, akafunua nyasi, na jiwe dogo jeupe likatokea.

Dympna akamkazia macho. "Festus, umejuaje?"

"Malachy alishindwa kuchimba siku ile, dada. Akaniita, nikiwa mvulana bado. Kaburi nilichimba mimi."

"Na vibwengo vyako?" nikaropoka.

"Vibwengo gani, Concepta? Tajiri aliniambia niung'oe. Ningemjibu nini? Siri haikuwa yangu."

Aibu ilinishika, nikatamani miaka yote kumi na mmoja nirudishiwe.

Dympna aliukamata mkono wa Festus, ule mkono mgumu wa dereva, akauweka kifuani pake.

"Anaitwa Colman," akasema. "Sijawahi kumwambia mtu jina lake. Hata Malachy."

Festus akavua kofia.

"Hujambo, Colman," akasema.