Nilijaribishwa Koti la Safari Isiyo Yangu

Leo ni Jumapili, na safari ni Ijumaa. Naahidi kusema yote, hata yale yanayonitia aibu mwenyewe. Admin, nakuomba ulifiche jina langu, maana watu wetu hapa Maskati wanajuana, na shangazi zangu wanausoma ukurasa huu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko darasa la kumi na moja, tunakaa Mabela. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Baba yangu ni daktari. Alioa mwanamke aliyekuja na binti yake wa rika langu, ambaye nitamwita Nawal. Mama yake namwita Mama Nawal.

Mwaka huu baba alipata kazi katika kijiji kidogo cha Kanada chenye skuli moja, duka moja, na theluji karibu nusu ya mwaka. Alitwambia mezani, "Tunahama." Nawal alilia wiki nzima kwa sababu kule hakuna mall. Mimi nilifurahi mpaka chakula hakipiti. Nilisoma kila nilichokipata. Nilijifunza kwamba juu ya barafu mtu hutembea kama bata, kwa hatua fupi, nikawa namwaga maji kwenye vigae vya uani na kufanya mazoezi. Nililala na AC kwenye nyuzi kumi na sita bila blanketi ili nizoee, nikapata mafua. Baba alinipa dawa huku akicheka: "Weye mtoto ushafika Kanada zamani."

Wiki iliyopita Mama Nawal alirudi kutoka Bawshar na mifuko mikubwa. Nawal alikuwa kwa rafiki zake. Akaniita, "Njoo, vua buibui, vaa hili tuone." Lilikuwa koti zito la buluu, lenye manyoya kofiani. Nilijitazama kiooni nikajipenda. Akanipa na viatu. Vilinibana, lakini niliona haya kumrudisha dukani, nikasema vimenikaa.

"Haya," akasema, "kama vimekuenea weye na guu hilo, Nawal vitamtosha hata na soksi mbili."

Nikamuuliza, "Na langu liko wapi?"

Alikuwa akilikunja koti. "Baba'ako hajakwambia?"

Baba aliniambia kesho yake, ndani ya gari, nje ya skuli.

"Mwanangu, karatasi zako za viza sikuzipeleka."

"Tangu lini, baba?"

"Tangu mwanzo. Bibi yako nani atamwangalia? Nawal hana pa kwenda. Weye unaye bibi."

"Mbona uliniacha nilale na baridi?"

"Nilidhani unacheza." Kisha akaniambia nishuke, kengele imelia.

Bibi ni mama yake baba, anakaa Hail, na miguu haimchukui tena. Nampenda. Sikatai kumkosha wala kumlisha. Lakini siku nyingi kabla ya haya, bibi alisema mbele yetu sote: "Mie simtaki mtu wa lazima. Wa lazima hukupa chai imepoa, halafu anakaa kusubiri ufe." Kwa hiyo baba na Mama Nawal wamemwambia kwamba ni mimi niliyeomba kubaki. Eti nililia, nikasema siwezi kumwacha.

Juzi tulipokwenda kwake alinishika uso kwa mikono miwili. "Mjukuu wangu, nnakupa radhi zangu zote, za dunia na za akhera. Wenzio wamechagua theluji, weye umenichagua mie." Nilimbusu mkono. Nawal alikuwa nyuma yangu, akaninong'oneza, "Usilie basi, ntakuletea theluji kwenye thamosi."

Nimefundishwa kwamba radhi ya mzee ni hazina. Lakini hii nimepewa kwa jambo ambalo sikulitenda. Kila nikisali nahisi nimeshika kitu cha mtu.

Alkhamisi baada ya Alasiri wanawake wa ukoo watakusanyika kwa bibi kusoma Yasini ya kuwaombea wasafiri. Baba anataka nisimame mbele yao niseme kwa mdomo wangu kwamba nimependa mwenyewe kubaki. Nilimwambia siwezi kusema uongo baada ya Yasini.

Akasema, "Basi sema kweli. Atakufukuza, atabaki peke yake na mtumishi, na akianguka chooni ujue weye ndiye uliyemwangusha."

Mimi kubaki nitabaki, hilo limeshakwisha. Ninachokiogopa ni kuishi naye kila siku juu ya uongo huo, akinishukuru. Natumai akiijua kweli ataniambia, "Kaa hivyo hivyo, nnakutaka." Lakini asiposema je?

Nishaurini kabla ya Alkhamisi, hasa nyinyi mlio mabibi wa watu. Lau ingekuwa nyinyi, mngetaka mjukuu wenu awaambie, au mngetaka awaache mfe mkiamini?