Vipete Ishirini na Vinne

Kazini walimwita Mama Vipete. Mtaani walimwita majina mengine ambayo hayafai kuandikwa hapa, na yote aliyapata kwa sababu ya kazi yake. Kwa miaka kumi na saba alikuwa mhudumu wa utafiti katika chumba kimoja nyuma ya hospitali kubwa, chumba chenye mlango wa kijani na feni iliyogoma siku nyingi. Utafiti wenyewe ulihusu mwendo wa utumbo: chakula husafirije tumboni, na kwa nini kwa wengine kinakimbia na kwa wengine hakitaki kutoka. Mtu mwingine angeificha kazi kama hiyo. Yeye aliitangaza hadi kwenye harusi, watu wakiwa na sahani mikononi.

Watu wazima na heshima zao waliingia chumbani mle wakitazama sakafu. Mama Vipete hakuwapa muda wa kuona haya. "Mara ya mwisho ulipata choo lini? Kigumu au chepesi? Ulisukuma au kilikuja chenyewe?" Mgonjwa akijiumauma, alimsogezea kadi yenye michoro saba ya vinyesi, kuanzia vigololi vikavu hadi maji matupu. "Mzee, nyoosha kidole tu. Mimi hapa sishangai kitu." Mzee alinyoosha kidole, akacheka kidogo, na baada ya hapo maneno yalimtoka kama bomba lililozibuliwa.

Kazi ilikwenda hivi. Siku ya kwanza mtu alimeza kidonge chenye vipete, yaani pete ndogondogo za plastiki zinazoonekana kwenye eksirei, ishirini na vinne, kila kimoja kidogo kuliko kifungo cha shati. Kwa siku sita alikatazwa dawa yoyote ya choo, maana dawa ingesukuma vipete na kuharibu kipimo. Alipewa fomu ya kujaza nyumbani: leo umekwenda haja kubwa mara ngapi. Siku ya sita alirudi, akapigwa eksirei ya tumbo, naye Mama Vipete aliibandika picha kwenye kioo cha taa, akazungushia kila kipete duara kwa penseli nyekundu na kuandika idadi. Kwa tumbo lenye afya vilibaki vitano au pungufu. Vikibaki vingi, mwendo ni wa kobe. Daktari mwenye utafiti alikuwa na kazi nyingine mji wa mbali, akija kila Alhamisi ya pili kuzisoma picha mwenyewe.

Kuhesabu, hapo ndipo Mama Vipete alipokuwa fundi. Vipete hulaliana, hujificha nyuma ya mfupa wa nyonga, kimoja huonekana viwili. Siku moja Daktari aliwapa wanafunzi watatu picha moja, wakaleta majibu matatu. Akampa Mama Vipete, naye akasema kumi na saba, na Daktari akawaambia wale vijana: "Huyu ndiye kipimo chenu." Tangu siku hiyo mama alitembea mabega juu. Sijui kama kuna sumu mbaya kuliko sifa anayopewa mtu kwa jambo dogo analoliweza kweli.

Alikuwa na dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka tisa. Sare yake ya kwanza ya shule ilishonwa na dada huyo, ikapanuliwa mara nne. Dada alikuwa kinyume chake kabisa. Kwenda msalani tu ilikuwa siri. Alifungulia maji kwanza ili asisikike.

"Mdogo wangu," alimwambia siku moja wakiwa kwenye kibaraza cha dada, "wewe unautaja uchafu kama mtu anayetaja unga."

"Ni kazi yangu, dada."

"Basi nikuulize." Dada alishusha sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Mtu akikaa wiki nzima bila kwenda, ni kawaida?"

Ikatoka taratibu kwamba mambo hayo yalikuwa na miezi sita. Aliishi kwa vidonge vya kulainisha choo, kwanza kimoja, kisha viwili, sasa vitatu. Gauni lililombana mwaka jana lilikuwa linamvuka mabegani. Mama Vipete aliliona gauni, akasema, "Umependeza, umepungua." Namwambia msomaji ukweli: alisema hivyo, kwa mdomo wake.

"Ingia kwenye utafiti wetu," alisema. "Utapigwa picha, na Daktari mwenyewe atakuona."

"Nikaongee hayo na mwanaume?"

"Utaongea na mimi. Yeye atasoma makaratasi tu."

Hilo ndilo lililomlegeza dada. Akaandikishwa namba kumi na tisa ya mwaka ule, akameza kidonge mbele ya mdogo wake, akaacha dawa zake zote siku hiyohiyo. Mama Vipete alimwambia binti wa dada, "Mama yako yuko mikononi mwangu," na binti akashukuru.

Siku ya nne, saa saba mchana, simu ililia. Mama Vipete alikuwa anakula.

"Mdogo wangu, tumbo linanikata. Linakuja, linaachia, linakuja."

"Lazima liume, dada. Umeacha dawa."

"Na limevimba."

"Wote huvimba. Zimebaki siku mbili tu. Ukinywa dawa sasa, picha imeharibika, tunaanza upya. Jikaze."

"Haya. Sitaki kukuharibia kazi."

Ningependa kumtetea, na kwa kiasi naweza. Kwa miaka kumi na saba karibu kila mtu alipiga simu siku ya nne kulalamika, na kila mtu alijibiwa maneno hayohayo, na siku ya sita walikuja na miguu yao wakicheka uoga wao. Jibu lilikuwa limeshakaa mdomoni, halikuhitaji kufikiriwa. Lakini aliyepiga safari hii alikuwa mwanamke ambaye hakuwahi kulalamika maishani mwake, na mdogo wake alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alimaliza chakula, akanawa mikono.

Siku ya sita, ambayo ilikuwa Jumatatu, dada alifika amejipinda, mkono kiunoni, mtandio umefungwa vizuri kama anakwenda kwenye sherehe. Mpiga picha alimsaidia kupanda mezani, kisha akachungulia mlangoni.

"Mama Vipete, mbona tumbo la huyu mama limekaza kama ngoma?"

"Wote wanaokuja hapa wana matumbo magumu," alijibu. "Ndiyo maana wanakuja." Mpiga picha alicheka, akarudi kwenye mashine yake.

Picha ilipotoka aliibandika kwenye taa. Vipete havikutawanyika utumbo mzima kama vya watu wenye mwendo wa kobe. Vyote vilikuwa rundo moja upande wa kushoto, na nyuma ya rundo utumbo umejaa hewa, mnene kama mkono. Chini ya rundo hapakuwa na kitu. Daktari alishawaeleza wanafunzi mbele yake, si mara moja: vikitawanyika, utumbo ni mvivu, vikirundikana mahali pamoja namna hii, tafuteni kilichoziba. Mama Vipete alikuwa amesikia maelezo hayo mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote.

Lakini alichokiona yeye ni kazi ngumu ya kuhesabu. Rundo! Akavuta kiti, akachonga penseli. Akavitenganisha kimoja kimoja, duara juu ya duara, akarudia mara ya pili kuanzia chini. Ishirini na vinne. Havijapungua hata kimoja. Akaandika 24 kwenye kisanduku, na moyoni alijisikia vizuri, kwa sababu hakuna mwingine hospitali nzima ambaye angevitenganisha. Fomu haikuwa na kisanduku cha kuandika vimekaa wapi. Akapokea ile fomu ya nyumbani, akanakili tarakimu: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Akaitia kwenye faili.

"Tumemaliza, dada. Umevumilia kuliko wote. Daktari anakuja Alhamisi." Akamshika bega. "Sasa unaweza kunywa dawa zako. Hujaenda muda mrefu, kunywa nne."

Dada alimtii, kama alivyomtii siku zote sita. Alikunywa nne adhuhuri ileile. Dawa ikasukuma, na mbele palikuwa pamezibwa. Kesho yake asubuhi aliletwa amebebwa, akakimbizwa chumba cha upasuaji. Walikuta uvimbe umeuziba utumbo, na juu ya uvimbe utumbo umepasuka. Jumatano alifariki, bila kuzungumza tena na mtu.

Alhamisi Daktari alifika kama kawaida yake. Mama Vipete hakutakiwa kuwa kazini siku ile, marehemu alikuwa hajazikwa, lakini alikwenda, akaitoa namba kumi na tisa na kuiweka kwenye taa kwa mkono wake. Daktari aliitazama kwa muda mfupi sana. Ilimtosha.

"Huyu yuko wapi?"

"Amekufa. Ni dada yangu."

Daktari alikaa. Hakufoka, na angefoka ingekuwa nafuu. Alitazama yale maduara mekundu, akayahesabu kwa ncha ya kalamu, labda kwa kukosa la kufanya.

"Ishirini na vinne," alisema. "Umehesabu sawasawa."

Ndipo alipofungua faili, akaichomoa ile fomu ya nyumbani, akaigeuza. Nyuma kulikuwa na mwandiko mdogo wa penseli. Akaisoma, akampa Mama Vipete.

Mama Vipete hakuirudisha. Aliikunja, akatoka nayo, jambo ambalo katika miaka yote hiyo hakulifanya, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa marehemu. Binti alikuwa chumba cha nyuma peke yake, anakunja vitambaa vya wateja ambavyo mama yake hakuvimaliza. Cherehani ilikuwa bado na uzi kwenye sindano.

"Mama mdogo, kaa," alisema binti. "Umekonda kwa siku mbili."

Hakukaa. Alimwekea karatasi juu ya cherehani. Binti alisoma kwanza upande wa sifuri, akaigeuza, akasoma nyuma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye:

"Siku ya nne nimetapika. Siku ya tano nimetapika mara tatu, ya mwisho ilinuka kama choo. Hewa haitoki kabisa. Naomba radhi daktari, mbele sikuona nafasi ya kuandika haya."

Nje watu waliendelea kupanga viti. Binti alikaa na karatasi mapajani.

"Siku ya tano nilimbembeleza twende hospitali," alisema. "Nilishamtafutia hadi gari. Akakataa. Akaniambia, hospitali yangu ni mdogo wangu, yeye ameshajua." Aliinua macho. "Hizi sifuri za mbele uliziona?"

"Niliziona. Nilizinakili."

"Na nyuma?"

Mama Vipete, ambaye kwa miaka kumi na saba hakuona haya kutamka neno lolote mbele ya mtu yeyote, alitazama sakafu.

"Sikugeuza," alisema.