Mashine za Sita Nyekundu

Mtaa mzima wa Kariobangi Kusini haukuwa na mwalimu wa hesabu aliyeogopwa kama Nzembi, mke wa Maingi dereva. Watoto walimtambua kwa mlio wa viatu vyake. Akikata kona tu, hata mchezo wa bano, zile gololi, ulinyamaza. Lakini mwaka ule wa 1986, shirika moja lilipoleta kompyuta nne shuleni kwake, mama huyo mkali alizipenda utadhani amezizaa yeye. Alizifunika kwa leso zake za harusi, na ufunguo wa chumba akauvaa shingoni.

Sababu aliijua mwenyewe. Utotoni, kwao Machakos, alichapwa mbele ya darasa kwa kukosea hesabu ya sehemu, na muhula mzima hakuinua mkono tena. Sasa aliona mtoto akikosea, mashine inalia tii, inamwandikia ajaribu tena, basi. Haikunji uso wala haimwiti mtu mbumbumbu. Nzembi mwenyewe ile subira hakujaliwa, na moyoni aliionea wivu.

Ila kulikuwa na sharti. Bwana Otiende, afisa wa shirika lile, mtu mpole mwenye miwani mizito, alitaka kujua kama kompyuta zinafundisha kweli au ni pambo tu. Darasa la Sita Nyekundu lingetumia mashine. Sita Kijani wasizikaribie kabisa. Kisha wote wafanye mtihani mmoja. Nyekundu wakiwapita Kijani, mashine zibaki. La sivyo, ziende shule nyingine.

Nzembi alilinda mpaka ule kama askari jela. Madirisha aliyabandika magazeti.

Mtihani ukafika. Nyekundu walikuwa wamepanda ajabu, Nzembi nusura apige vigelegele ofisini. Halafu Otiende akafungua matokeo ya Kijani. Nao walikuwa wamepanda, tena sawasawa na wenzao.

"Hawa hawakugusa mashine, Mwalimu," alisema Otiende. "Basi aliyewapandisha ni wewe. Hongera! Kesho nitakuja na pikapu."

"Hongera gani hiyo ya kunipokonya?" Nzembi aliuliza, akaondoka bila kuaga.

Alipofika kwenye ploti yao, ua mmoja wa vyumba vya kupanga, alisikia sauti nyuma ya nyumba: tiii! Alijificha nyuma ya shuka zilizoanikwa, akachungulia.

Palikuwa na katoni kubwa ya televisheni, imetobolewa dirisha. Mbele yake vizibo vya soda vimepangwa safu safu juu ya ubao, kila kimoja kimeandikwa herufi au nambari kwa chaki. Ndani ya katoni alikaa Mukai, binti wa jirani, mwanafunzi wa Nyekundu. Nje, watoto wa Kijani wamepanga laini.

"We mse, usiruke laini!" mmoja alifoka.

Aliyekuwa mbele akabonyeza vizibo.

"Tiii," alisema Mukai kwa sauti ya puani. "Jaribu tena."

Mtoto akajikuna kichwa, akabonyeza upya. "Vizuri sana. Swali linalofuata."

Nzembi alijiziba mdomo kwa shuka ya mwenye nyumba. Binti yule darasani alikuwa bubu! Lakini kompyuta ya katoni haina budi kujua jibu kabla ya mteja wake, na Mukai alikuwa akijua. Nzembi alitaka kucheka, akataka kulia, kisha akakumbuka pikapu. Akimwonyesha Otiende mchezo huu, itajulikana kwamba mpaka alioulinda ulikuwa umejaa matundu, na jaribio la watu limeharibikia mikononi mwake. Akinyamaza, mashine zinaondolewa ingawa hazina kosa lolote. Usiku huo Maingi alikula ugali peke yake. Mkewe hakumeza kitu.

Kesho yake, baada ya masomo, pikapu ilipofika shuleni, Nzembi alimwambia Otiende, "Kabla hujapakia, twende kwangu ukanywe chai."

Watoto walipomwona mwalimu wao, wakaganda. Mukai, macho yake kwenye vizibo tu, hakuona nani amefika. "Mteja anayefuata! Nusu gawanya kwa robo."

Otiende akachuchumaa na suti yake, akabonyeza. Jibu lake lilikuwa thumuni, moja juu ya nane.

"Tiii. Jaribu tena."

Mpaka leo Nzembi hajui kama bwana yule alikosea kweli au aliwatania. Alibonyeza mara ya pili, akapata mbili, akavua miwani na kufuta machozi ya kicheko.

"Kosa ni langu," Nzembi alisema. "Wewe ulitaka niwatenge, mimi nikafunga mlango wa shule. Huku nyumbani wanaishi ploti moja."

Otiende alirudisha miwani, akakitazama kile kibodi cha vizibo. "Basi sijui chochote," alisema. "Sijui kama ni mashine, au ni wewe, au ni huyu aliye ndani ya katoni. Jaribio limeharibika kabisa, Mwalimu. Itabidi lirudiwe mwaka ujao, na nitawaambia hivyo ofisini. Mashine zibaki, na Kijani waingie."



"Vizuri sana," ikasema katoni. "Swali linalofuata."

Nzembi alicheka, kicheko ambacho watoto wale hawakuwahi kukisikia. Kisha akavua viatu vyake, akaenda kusimama mwisho wa laini, na hakuna mtoto aliyekimbia.