Bamba la Manowari Kaposia

Hussni Abeid amechomelea vyuma tangu ujana wake: kwanza kwenye gudi la Mombasa, ambako meli hupandishwa kutengenezwa, na sasa kwenye karakana moja ya Savage, mji mdogo huku Amerika, karibu na mto. Si mtu wa kuogopa kazi.

Mwaka jana, theluji ilipoanza kuyeyuka, lori lilishusha bamba la chuma lililopinda na kuvimba kutu. Aliyelileta, Emérance, ni Mkongo anayetunza vitu vya kale kwenye makumbusho ya Saint Paul.

"Papa Hussni, hii ni ngozi ya bateau," alimwambia. "Manowari ya wakati Waamerika wanapigana wenyewe kwa wenyewe."

Iliitwa Kaposia. Ilikuwa meli ya mizigo tu, hadi vita vilipoanza ikavikwa chuma na kupewa mizinga. Iliteremka Mississippi ikizipiga ngome za kusini, na makombora yakawa yanadunda tu ubavuni mwake. Kisha moja likapenya, likatoboa boila. Mvuke ukajaa chini. Nahodha, kwa kuhofia walio juu, akaamuru mlango wa chini ufungwe.

"Meli ilipona," alisema Emérance. "Ikatengenezwa, ikarudi vitani mpaka mwisho. Halafu wakaiuza vipande-vipande."

"Na wale wa chini, dada?"

Emérance alilitazama bamba. "Hili lilikuwa upande wao."

Kazi ya Hussni ilikuwa kukata bolti zilizooza ili bamba liweze kusimamishwa. Asubuhi iliyofuata, jua limejaa dirishani, alikata ya kwanza, akazima gesi. Ngo, ngo, ngo. Chuma kinachopoa hulia, hilo alilijua. Lakini huu mlio ulinyamaza, ukasubiri, ukaanza tena.

"Mbona unagonga?" aliuliza msimamizi wake, Gilbert.

"Sigongi mimi."

Gilbert alizunguka nyuma ya bamba. Hapakuwa na kitu. Akaligusa mwisho wake, mbali kabisa na pale moto ulipopita, akaurudisha mkono upesi: lilikuwa likiunguza. Siku ile hakukanyaga tena kona hiyo.

Kule gudini, mtu akiingia ndani ya tangi, mwenzake hubaki nje. Wa ndani hugonga, wa nje humjibu, ajue hajaachwa. Hussni alichukua nyundo, akajibu.

Bamba lote likalipuka kwa kugongwa, juu, chini, pembeni, mikono isiyohesabika, hata kutu ikawa inapukutika sakafuni. Nywele zilimsimama. Alitaka kukimbia, lakini wa nje hamwachi wa ndani. Basi akaendelea kujibu, machozi yakimtiririka, hadi milio ikapungua, ikabaki mmoja, dhaifu, nao ukaisha. Bamba likapoa. Akamaliza kazi yake, akaenda kuswali adhuhuri.

Hakumsimulia mtu. Wakati wa kiangazi alimpeleka mkewe, Swafiya, kwenye makumbusho. Bamba lilikuwa limesimamishwa ukumbini. Swafiya aliliinamia kwa udadisi tu, buibui likagusa chuma. Akainuka polepole.

"Baba Farhan, mna watu wanapumua humu."

"Wanapumuaje?" aliuliza Hussni.

Swafiya aliinama tena, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Taratibu," alisema. "Kama waliolala."

Hussni alimshika mkono, wakatoka, wakaenda kunywa chai Frogtown, mtaa wa hapo hapo Saint Paul.