Mlango wa Mwaija na Mafuta ya Dunia

Nyumba ya Mwaija pale Kwamlinga, kitongoji kilichojibanza kati ya Handeni na Korogwe, ina kila kitu isipokuwa mlango. Kuta ni za tofali za kuchoma, bati halivuji, madirisha yana nyavu za mbu. Kichekesho kiko mlangoni. Kipande cha bati kuukuu kimefungwa kwa waya kwenye fremu ya chuma, na mgeni akija inabidi akifungue taratibu kama anayefungua kopo la samaki, akiogopa kukatwa kidole. Na mume wa mwenye nyumba, Muhsin, ni fundi wa kuchomelea chuma. Wala si fundi wa kubahatisha. Anachomelea mabomba ya gesi, kazi ambayo ikishakamilika kiungo hupigwa picha kama mgonjwa wa kifua ili ionekane kama ndani mna ufa.

Fremu aliisimamisha Muhsin mwenyewe, miaka kumi na miwili iliyopita. Akaigonga kwa kisigino, kama anavyogonga kila kazi aliyoimaliza, akasema, "Mlango nitauchoma mimi. Usije ukaniletea mlango wa mwanamume mwingine humu." Vyuma vya mlango huo akaviegemeza nyuma ya nyumba. Wiki ile ile akaitwa Mtwara.

Hapo ndipo Mwaija alipoanza kusoma jiografia, somo ambalo shuleni aliambulia alama za kumtia mwalimu huzuni. Safari hii alilisoma kwa kumtafuta mumewe. Mtwara kulikuwa na bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, kwa hiyo akajua gesi iko Mnazi Bay na Songo Songo. Halafu Muhsin akamweleza kwamba kuna nyingine chini ya bahari ya kina kirefu, zaidi ya futi za ujazo trilioni arobaini, na kiwanda chake kitajengwa Lindi. Mwaija akafurahi. Lindi ni mbali, lakini ni mbali ya basi. Kiwanda kikaendelea kujengwa kwenye taarifa ya habari, mwaka hadi mwaka, na Muhsin hakuwa na moyo wa kungoja taarifa ya habari. Akavuka Ruvuma kwenda Palma, Msumbiji, ambako gesi ni nyingi vilevile na kazi ilikuwa imeshaanza. Palma ikaingiwa na vita. Akarudi na begi moja na macho ya mtu aliyekimbia, akakaa nyumbani siku kumi na tisa, siku ya ishirini akapanda ndege kwenda Qatar.

Qatar, nchi isiyofikia hata nusu ya mkoa wa Tanga, lakini ina gesi ya tatu kwa wingi duniani, nyuma ya Urusi na Iran. Na hiyo Iran wanachangia nayo kisima kimoja chini ya bahari, kama majirani wanaochota kwenye bomba moja huku wamenuniana.

Miaka ikapita hivyo, na Mwaija akawa anayajua mambo haya kuliko mwenyekiti wa kitongoji. Angeweza kukuambia, huku anamenya muhogo, kwamba Venezuela ndiyo yenye akiba kubwa ya mafuta kuliko nchi zote, Saudia inafuata, na kwamba wingi peke yake si hoja, maana ya Venezuela ni mazito kama uji uliosahauliwa jikoni na kuyatoa ni shughuli. Watu wengine huzijua nchi kwa timu zao za mpira. Yeye alizijua kwa uwezo wao wa kumchukua mumewe. Redio ikitangaza kwamba pahala fulani wamegundua gesi, majirani walisikia neema. Mwaija alisikia begi likifungwa zipu.

"Wifi," Ikram, mdogo wake Muhsin, alikuwa akimtania, "wanawake wenzio wakiwa na wivu wanapekua simu. Wewe unapekua ramani."

"Simu yake ina nini? Mwanamke nitampata, nitamshika nywele. Kisima cha gesi nitakishika wapi?"

"Mungu naye. Waarabu kawapa gesi, sisi katupa mkonge."

"Mkonge sina ugomvi nao. Haujawahi kunichukulia mtu akakaa miaka mitatu."

Halafu, kwa mara ya kwanza, jiografia ikageuka na kuanza kuja upande wa nyumbani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita elfu moja mia nne arobaini na tatu hadi Chongoleani, Tanga. Litapita Kilindi, litapita Handeni, litapita Korogwe. Watu wa vipimo walipofika Kwamlinga wakapigilia vigingi kwenye ncha ya shamba la Mwaija la mahindi. Majirani waliwauliza mambo ya fidia na ajira. Yeye aliuliza moja tu: "Mafundi wa kuchomelea mnao, au bado mnatafuta?"

Walikuwa wanatafuta. Muhsin akarudi kutoka Qatar, akafanya jaribio, akafaulu, akapelekwa Singida. Kutoka hapo akaanza kuja, kiungo kwa kiungo, siku njema kilomita moja, siku ya mvua sifuri. Chemba. Kiteto. Kilindi. Mwaija alihesabu siku kama mjamzito wa miezi minane. Alivitoa vile vyuma nyuma ya nyumba, vimeota kutu nyekundu kama udongo wa Handeni, akavisugua kwa msasa siku tatu mpaka vidole vikachubuka. Binti yao Mwanaisha alipopiga simu kutoka shuleni Bungu, kule milimani, aliambiwa baba yuko kilomita arobaini. Wiki iliyofuata, thelathini na nne.

"Nikifika hapo nyumbani," Muhsin alisema kwenye simu, "nakuja kuuchoma ule mlango."

"Njoo tu," alijibu Mwaija. Lililokuwa moyoni lilikuwa refu kuliko hilo. Alitaka akifika asiende tena. Ila hilo si neno la kwenye simu.

Mafundi walifika Jumanne. Mwaija akafunga ugali na kuku kwenye hotipoti, akavaa kitenge kisichochakaa, akashuka shambani. Pale palipokuwa na mahindi palikuwa na barabara pana ya udongo, bomba limelala juu ya magogo, utepe wa njano umezungushwa, na kwenye utepe amesimama Loishiye, mfugaji wa bonde la pili, sasa mlinzi, rungu mkononi na kofia ngumu ya plastiki kichwani.

"Mama Mwanaisha, mwisho hapo."

"Loishiye, hili shamba langu."

"Lilikuwa."

"Juzi ng'ombe wako kapita hapa hapa, hujamwambia mwisho."

"Ng'ombe hajasoma kibao. Wewe umesoma mpaka Venezuela."

Mwaija akaiweka hotipoti chini. Mafundi walikuwa sita, sare moja ya buluu, kofia moja, usoni kioo kimoja cheusi. Alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, hili hakuliwaza: kwamba mumewe atakuwa hatua hamsini kutoka kwake na asimjue ni yupi.

"Yupi wangu?"

"Mimi nawajua kwa namba," Loishiye alisema.

"Ng'ombe mia moja unawajua kwa sura, watu sita unataka namba?"

"Ng'ombe hawajifuniki uso, mama. Usiangalie ule moto, utakuumiza."

Aliuangalia. Cheche zikaruka, moto mweupe ukamchoma machoni, naye akaendelea kuangalia, kutoka fundi wa kwanza hadi wa sita na kurudi, mpaka wa nne akainuka, akarudi nyuma hatua moja na kuligonga bomba kwa kisigino.

"Arobaini na saba," alisema Loishiye. "Huyo ni arobaini na saba."

Chakula kilipelekwa. Yule wa nne akapokea, akainua kioo, akageuka na kupunga mkono. Honi ikalia na kioo kikashuka. Siku mbili macho ya Mwaija yalivimba na kutoa machozi, na Ikram akamwambia ndiyo adhabu ya kuangalia moto wa kuchomelea. Mwaija hakubisha. Ilikuwa sababu nzuri ya kulia bila kuulizwa.

Jumapili Muhsin akapewa mapumziko yasiyotimia saa nne, gari la kambi litampitia saa tisa. Alikuja amenyoa, amekonda, ana harufu ya chuma. Mashine ya kazini hairuhusiwi kutoka kazini. Ile ya kukodi iko Manundu, Korogwe mjini, na fundi mwenye nayo Jumapili anafunga karakana, yuko kanisani na mkewe. Vyuma vilivyosuguliwa vikabaki vinang'aa uani, havina pa kwenda.

Muhsin akatoa futi mfukoni, akapima mlango. Urefu sentimita mia mbili na kumi, upana tisini. Akaandika ukutani kwa chaki yake ya kazi, herufi nzuri za mtu aliyezoea kukaguliwa. "Baada ya Chongoleani," akasema.

Walikula wamekaa kizingitini. Alikula mlenda kama mtu aliyeuota. Alipomaliza akanawa, akakausha vidole kimoja kimoja, na Mwaija akasikia begi likifungwa zipu.

"Kuna watu wamenitafuta. Wa Namibia."

"Yale ya baharini."

"Umeyasikia?"

"Redioni. Wamegundua tu, au wanachimba?"

"Wamegundua. Ila wataanza."

Mwaija akaokota vyombo, akaviweka tena. "Baba Mwanaisha, hivi mafuta ya dunia nzima, yale yanayojulikana, yamebaki ya miaka mingapi?"

"Kwa tunavyoyatumia sasa wanasema kama hamsini. Gesi nayo hapo hapo."

"Mimi nina thelathini na tisa."

Muhsin akacheka. Mwaija hakucheka.

"Hamsini juu yake, themanini na tisa. Yakiisha utarudi, utanikuta hapa hapa mlangoni. Ila meno ya kukuchekea sikuahidi."

"Hayataisha, mke wangu," Muhsin alisema, akiwa na nia ya kumfariji kabisa. "Kila mwaka wanagundua mengine."

Hapo Mwaija alikuwa amelipanga lile neno lake refu, mwanzo hadi mwisho, tangu Singida. Akashusha pumzi ili alianze, akageuka, akamkuta mumewe ameegemeza kichwa kwenye fremu, amelala. Alilala kama mtu ambaye kwa mwaka mzima hajalala mahali pasipo na honi. Kiganja kilikuwa wazi, na makovu madogo ya cheche yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye kiwiko. Mwaija akamfukuzia nzi. Saa saba, saa nane, kivuli cha bati kikasogea juu ya magoti yake, naye akamfukuzia nzi.

Gari lilipopiga honi barabarani, akamgusa bega.

"Mbona umeniacha nilale?"

"Nilitaka nikuombe usiende."

"Sasa mbona hukuomba?"

"Ulikuwa umelala."

Muhsin akavaa viatu, kamba akazifunga pole pole kuliko zinavyohitaji kufungwa. "Nikibaki hapa nitachomelea nini, Mama Mwanaisha? Majembe?"

"Mlango."

Muhsin akasimama. Aliigonga fremu kwa kisigino na kwenda zake.

Bomba likafukiwa. Mafundi wakasogea Korogwe, wakaelekea Muheza, na sauti ya Muhsin ikaanza tena kuwa mbali, kilomita moja kwa siku. Siku moja Loishiye, aliyebakishwa kulinda, akamwita Mwaija shambani. Akasimama kwenye nguzo ya alama, akahesabu hatua thelathini na moja, akachomeka rungu ardhini.

"Kiungo alichochomelea arobaini na saba, mumeo. Nilihesabu hatua zake kabla hawajafukia. Niliona utauliza."

Mwaija hakuwa ameuliza. Alikaa pale chini kidogo. Kitu pekee cha mumewe kitakachokaa nyumbani kiko chini ya udongo, kimechomelewa, kimepigwa picha, hakina ufa, na hakiondoki.

"Naweza kupanda nini hapa?"

"Mti hapana. Nyumba hapana. Karanga wamesema sawa."

Akapanda karanga. Mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba lile litapashwa joto njia nzima. Mwaija alimwambia Ikram, wakipalilia, "Mafuta ya watu yatapita shambani kwangu yamepashwa joto kutoka Hoima mpaka baharini. Mimi nalala na blanketi la shule la Mwanaisha." Ikram akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamwangalia wifi yake, akaendelea kupalilia.

Jumatatu iliyofuata Mwaija akavifunga vile vyuma kwenye bodaboda, akanakili namba za ukutani kwenye kiganja, akaenda Manundu kwa fundi Raymond, yule anayefunga Jumapili.

"Komeo unataka la aina gani, mama?"

"Usiweke."

"Mlango bila komeo si mlango, ni pazia la chuma."

"Toboa matundu yake, uache hivyo. Komeo lina mwenyewe."

Raymond akamtazama, akaona hapa pana mambo ya watu, akashusha kioo chake. Ulipofika Kwamlinga mlango uliingia kwenye fremu bila kusukumwa, kwa kuwa aliyeupima alijua kupima. Kwenye matundu Mwaija akapitisha ule waya wa zamani. Ikram akauzunguka mlango mbele na nyuma.

"Na akienda Namibia?"

"Waya upo."

Alasiri hiyo Muhsin akapiga simu. Walikuwa wamebakiza kilomita chache waione bahari, upepo ulisikika.

"Mlango umewekwa," Mwaija alisema.

Upepo ukavuma kidogo peke yake. "Kachoma nani?"

"Raymond wa Manundu."

"Kachoma vizuri?"

"Nimeugonga kwa kisigino. Umenyamaza."

"Komeo je?"

"Hauna komeo. Nimemwambia aache matundu."

Muhsin akauliza, kwa sauti ya kazini, "Matundu yana upana gani? Milimita ngapi?"

Ni kumi na mbili. Mwaija alikuwa ameyapima asubuhi, tena mara mbili.

"Subiri usikate," alisema Mwaija, akaketi kizingitini, simu sikioni. "Ngoja nikapime."